Siku Saba Shingoni

Wanangu, juzi mlinionesha kwenye simu bangili ya Yungi inayouzwa huko ng'ambo, na muuzaji kaandika kwamba ni kazi ya kale ya Kiarabu. Nilicheka mpaka mgongo ukaniuma. Bangili ile niliipiga tupa mimi, Mize, hapa hapa Jadida, Pemba, nimekalia gunia la makumbi ya nazi. Kama kuna Mwarabu aliyeigusa, basi ni Mzee Nassor, ambaye alizaliwa Wete, akazeekea Wete, na Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini tu.

Mlikuja na soda na biskuti, mkaniuliza historia ya Yungi, karakana yetu ya mapambo, ili muifufue, na mkaomba muhuri wetu wa zamani ambao bado ninao. Historia nitawapa, ila msitarajie mpangilio, kichwa changu si kabati la ofisi. Lakini kuna neno mlilisema mlipokuwa mnavaa viatu mlangoni, mkidhani masikio yangu yamezeeka pamoja na magoti. Mlisema kazi mtaianza bila ule uvaaji wa siku saba, kwa sababu siku hizi ipo dawa ya chupa ya kujaribia rangi. Tangu hapo sina raha, ndiyo maana nimemtuma mjukuu wangu akaninunulia daftari.

Mzee Nassor alikuwa sonara, mtoto wa masonara. Wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu, na wenye mikarafuu wenzao ndio walionunua dhahabu. Mashamba yakaondoka, wanunuzi wakaondoka, yeye akabaki na fuawe, nyundo na mikono yake. Lakini harusi hazikuondoka. Watoto wa watu waliendelea kuolewa, na bi harusi lazima apambwe, awe wa tajiri au wa mchuma karafuu. Basi akaanza kufua shaba na kuitia maji ya dhahabu. Vidani vya shingo, vipuli vya masikio, bangili, vikuku, mpaka vipini vya pua. Kila kipande alikigonga mgongoni muhuri wa ua la yungi, lile linaloota kwenye mabwawa yetu.

Ukimwambia kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu, alinuna siku nzima. "Na nani aliyekwambia hii dhahabu?" alikuwa akiuliza. Ni kweli hakumdanganya mtu. Mwanamke yeyote wa kisiwa hiki akigeuza kipande akaona ua, alijua ni shaba, na bado alikinunua, akamwambia na shoga yake. Vilitoka hapa kwa vijikasha vya mbao, vikapakiwa bandarini Wesha, vikafika Unguja, Tanga, Mombasa. Kuna mwaka tulikuwa wafanyakazi tisa, na majirani walilalamika kwa kelele za nyundo.

Mkitaka kujua kama Yungi mliyoiona ni ya kweli, tazameni ua. Petali moja kati ya tano ni fupi. Wauzaji wa simu wanasema ni alama ya siri ya fundi. Siri yenyewe ni kwamba niliuangusha muhuri sakafuni wiki yangu ya pili kazini, ukavunjika ncha, na Mzee Nassor alikuwa bahili wa kutengeneza mwingine.

Wiki ya kwanza nilifanya kubwa zaidi. Kazi ya kutia maji ya dhahabu ilikuwa hivi: kipande cha shaba kinasuguliwa kwa ukwaju na majivu ya makumbi mpaka king'ae, kinasuuzwa, kinafungwa waya, kinatumbukizwa kwenye chungu chenye yale maji, na waya unaungwa kwenye betri ya gari. Mzee Nassor hakutumia saa. Alipima kwa tasbihi yake, mzunguko mmoja kwa vipuli, mitatu kwa kidani. Sharti kubwa ni kwamba kipande kilichosuguliwa hakishikwi kwa kidole, kinashikwa kwa koleo, maana mafuta ya mkono yanazuia dhahabu isishike. Mimi nilikuwa nimetoka kula samaki changu wa kukaanga. Nikavishika vipuli jozi nzima kwa vidole, na vilipotoka chunguni vilikuwa vinawaka kama jua, kila kimoja na alama ya kidole changu katikati, nyeusi, imekaa vizuri. Mzee Nassor akavitundika ukutani. Kila mgeni akiingia alimwambia, "Hicho kitambulisho cha Mize." Vilikaa pale miaka.

Jambo jingine msilisahau: maji yale ni sumu. Msile karakanani, msinywe, na paka msimruhusu. Tulipoteza paka wawili kabla hatujajifunza.

Sasa nije kwenye siku saba, maana naona nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nyinyi fungate mnaifanya siku mbili, ya tatu mume yuko kazini. Zamani zilikuwa siku saba kamili. Bi harusi yumo ndani, amesingwa, amepakwa mafuta, udi unafuka, dirisha limefungwa, na jamaa za mume wanaingia na kutoka kumtazama. Mapambo yako mwilini wakati wote huo. Shaba mbovu ikikutana na jasho la namna ile, siku ya tatu shingo ina mstari wa kijani, na mstari huo ukishaonwa na mawifi haufutiki kwa sabuni wala kwa maneno. Kwa hiyo Yungi ilikuwa na sheria moja. Hakuna kipande kinachotoka mpaka kimevaliwa siku saba na mtu, akipika, akifua, akitwanga. Kinavaliwa asubuhi, kinarudishwa Magharibi, kinatundikwa. Ukutani palikuwa na misumari saba. Siku ya kwanza kinatundikwa msumari wa kwanza, ya pili wa pili, hivyo hivyo mpaka wa saba. "Nifikishieni fungate tu," alikuwa akisema Mzee Nassor, "baada ya hapo waume hawatazami tena shingo."

Mvaaji wetu alikuwa Bi Riziki. Alikuwa mjane, nyumba yake imepakana na karakana, na jasho lake lilikuwa kali, sijapata kuona. Kitu kikistahimili shingo ya Bi Riziki, kitastahimili shingo ya yeyote. Alivaa kila kipande muhimu kwa miaka kumi na kitu, akikaanga mihogo na kidani cha bi harusi kooni, na watoto wa mtaani walimwita Malkia. Alijipaka mafuta ya langilangi kila siku, ukiingia karakana unajua amepita. Katika hesabu ya siku hakukosea hata mara moja. Kuna kidani alikivaa siku sita akapatwa na homa, akalala wiki, na alipoinuka alidai aanze upya kuanzia moja. Mzee Nassor alimwambia sita zinatosha. Akamjibu, "Zatosha kwa nani? Mie ndo nnaevaa."

Shingo yake iliharibika kwa kazi ile. Mwanzo palikuwa na weusi, kisha vipele, mwishoni vidonda vidogo vidogo vilivyozunguka kama uzi. Sote tuliviona. Alijipaka mafuta akaendelea, na sisi tukaendelea kumpelekea vipande.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu, Sabra. Mama alifariki Sabra akiwa mdogo, nikamlea mimi. Mama alikuwa na kidani cha dhahabu chenye vijiwe vitano vyekundu, na kidani kile kilijulikana kutoka Wete mpaka Wambaa kule kusini, maana alikikopesha kwa kila harusi. Alipougua, nilikipeleka Unguja nikakiuza, akatibiwa nacho. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata Sabra, kwa sababu kidani alishamwahidi yeye. Akafa na siri yake, akaniachia mimi niibebe.

Sabra akapata mchumba wa Wambaa, kijana mvuvi, mtu wa heshima. Mama yake, Bi Shemsa, ndiye aliyekuwa tatizo. Alikuja kwetu kuzungumza habari za harusi, na kabla hajamaliza chai akasema, "Na kile kidani cha marehemu ntakiona shingoni mwa mkaza mwanangu, inshallah. Nlikivaa mie n'lipoolewa, nakijua hata kwa kukipapasa."

Mnaelewa nilivyokwama? Nikisema kimeuzwa, nani angeamini kwamba aliyekiuza alimtibia mama? Wangesema Mize kala urithi wa yatima, mdogo wake wa tumbo moja. Na Sabra angeingia kwa wakwe akiwa na kicheko nyuma yake. Basi nikafanya nilichojua kufanya. Nikakifua upya kile kidani kwa shaba, kijiwe kwa kijiwe, mpaka kifungo chake cha kizamani cha kuzungusha ambacho asiyeoneshwa hawezi kukifungua. Nikakitia maji ya dhahabu kwa mizunguko mitano ya tasbihi badala ya mitatu. Muhuri sikukigonga. Ndicho kipande pekee cha Yungi ambacho hakina ua, na hiyo ilikuwa dhambi ya kwanza. Mzee Nassor alikigeuza akatazama mgongo, akasema, "Siku saba, Mize. Hata chako."

Nikakipeleka kwa Bi Riziki. Alikuwa amekaa barazani kwake, kanga imelegea, vidonda viko wazi.

"Shingo yanitoa maji, Mize," akaniambia. "Na kifua chanibana. Nipumzishe hadi mwezi ujao, mwanangu."

Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilimsihi siku nzima, na nilipoona hakubali nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemtafutia kazi alipofiwa na mumewe. Nilimwambia kwa sauti ya upole, ndiyo mbaya zaidi. Akaniangalia, akainua kanga yake.

"Haya, nivishe. Lakini ntakivaa kama cha ntu mwengine yeyote. Kikikosa siku, hakitoki."

Alianza Alhamisi. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumapili hiyo, Magharibi inakaribia, alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi kukuna nazi, akaegemea ukuta, na hakuinuka tena. Binti yake, Mwanaidi, alidhani amesinzia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya josho, Mwanaidi akatuma niitwe. Kidani kilikuwa bado shingoni, waosha walikuwa wameshindwa na kifungo, na maiti haoshwi akiwa na pambo. Niliingia, nikapiga magoti. Hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaiandika wazi kwa sababu ndiyo kiini cha daftari hili. Nilizungusha kifungo, nikakitoa kidani, na kabla sijamtazama uso, kabla sijasema hata neno la kumwombea, nilikigeuza nyuma nikaangalia kama rangi imeshika. Ilikuwa imeshika. Nikafurahi. Nilipoinua macho, Mwanaidi alikuwa ananitazama.

Wakati wa maziko wafiwa waliuliza, kama ilivyo ada, aliye na chochote na marehemu ajitokeze, na walioudhiwa wamsamehe. Hakuna anayeuliza upande wa pili, nani amemuudhi yeye. Nilikuwa nyuma na wanawake, kidani kimo kwenye pindo la kanga yangu.

Nilikitundika karakanani msumari wa nne, nikajiambia nne zinatosha. Mimi mwenyewe nisingeweza kukivaa. Mzee Nassor hakuruhusu fundi ajaribu kazi yake mwenyewe, na jasho langu ni la maji tu, halijaribu kitu. Nitumie maneno ya kweli: ningeweza, sikutaka. Niliogopa kuiweka shingo yangu pale palipokuwa na shingo yake.

Karakana ilifungwa kwa ajili ya matanga, lakini yale maji ya dhahabu lazima yakorogwe kila asubuhi, la sivyo yanakufa. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Jumanne nikaingia, nikakoroga, kidani kiko wa nne, nikatoka. Mlango wetu haukuwa na kufuli, tuliufunga kwa kipande cha waya.

Jumatano asubuhi kidani kilikuwa msumari wa tano.

Nikadhani nimekosea mwenyewe. Nikahesabu kwa kidole kuanzia mlangoni. Wa tano. Nikakirudisha wa nne, nikaenda kumwambia Mzee Nassor, aliyekuwa amekaa na wafiwa barazani.

"Panya," akasema.

"Panya gani anayehamisha kidani msumari mmoja mbele?"

"Panya wa Yungi. Wamefunzwa." Lakini hakucheka, na mimi sikucheka.

Alhamisi asubuhi nilisimama mlangoni kabla ya kuingia, nikasoma nilichojaaliwa kukikumbuka. Kidani hakikuwa wa nne nilipokiacha. Wala hakikuwa wa tano. Kilikuwa wa sita. Aliyekiweka hakujali kwamba nimekirudisha nyuma. Alijua hesabu yake. Na chumba kizima kilinuka langilangi.

Niwaambie kitu kimoja hapa. Mimi si mtu wa mashetani. Tumesemwa sana sisi Wapemba kwa uchawi. Ukifika Unguja ukafungua mdomo tu, mtu anakujua utokako na anavuta mwanawe karibu. Nimechoka na maneno hayo. Sijawahi kwenda kwa mganga, sijafunga hirizi, na mtoto akiumwa nampeleka hospitali. Ninawaandikia nilichokiona kwa macho haya, na mkitaka kuniita mwongo, niiteni.

Nilimwita Mzee Nassor. Alikuja taratibu kwa fimbo yake, akakitazama kidani bila kukigusa, akavua kofia.

"Usikirudishe tena," akasema. "Mwenye kazi yuko kazini."

"Mzee, mwenye kazi tumemzika."

"Nilikuwapo," akanijibu, akavaa kofia, akatoka.

Sikuridhika. Nikafunga mlango kwa waya, nikausokota, nikayeyusha nta juu ya mafundo, na kabla haijakauka nikaigonga kwa muhuri wetu. Ua la yungi, petali moja fupi. Kila dirisha nalo nikalifunga kwa ndani kwanza. Sikumwambia mtu yeyote, hata Mzee Nassor.

Siku hiyo ilikuwa hitima ya Bi Riziki. Nyumba ilijaa watu tangu asubuhi. Mimi na Mwanaidi tulikuwa jikoni pamoja, tukapakua pamoja, tukashika sinia moja huku na huku. Siku mbili zilizotangulia nilimwona amejifunga kanga mpaka kidevuni kwa joto lile, nikadhani ni majonzi. Alhamisi alikuwa ameilegeza, anatoka jasho kama sisi wote. Hakutoka nje ya macho yangu mpaka baada ya Isha, na hakunisemesha zaidi ya "shika" na "lete". Kila alipoinua uso nilikuwa naona macho yale ya siku ya josho.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa inanyesha, baridi ya kushika. Nikaenda karakanani. Nta ilikuwa nzima. Niliigusa, niliinamia karibu nikaitazama, hapakuwa na ufa. Ua limekaa vile vile. Nikaivunja kwa kucha, nikasokotoa waya, nikaingia.

Kidani kilikuwa msumari wa saba. Nikakichukua. Wanangu, shaba ni kitu cha baridi. Asubuhi ya mvua ukiishika inakuuma vidole. Kile kidani kilikuwa na joto, joto la kitu kilichovuliwa sasa hivi, na mgongoni kilikuwa na unyevunyevu.

Nilikuwa na saa chache za kuamua. Ndoa ilikuwa baada ya sala ya Ijumaa. Nikimvika Sabra, sikujua ninamvika nini. Nisipomvika, Bi Shemsa alikuwa tayari njiani kutoka Wambaa na gari zima la wanawake. Nilikwenda na kidani mkononi, na kila hatua nilijiambia nitakitupa kisimani, mpaka nikajikuta niko chumbani kwa bi harusi. Sabra alikuwa amekaa kitandani na hina yake, akainua kichwa. "Cha mama!" akasema, machozi yakamlenga. Nikamvika.

"Chanukia vizuri," akaniambia.

Bi Shemsa aliingia, akambusu bi harusi, akakipapasa kidani kama alivyoahidi. Nilimwona kwa macho yangu akitoa kipande cha ndimu, kinachoifichua shaba, kwenye pindo la kanga, akajifanya kumrekebisha mtoto wa watu ukosi, akakisugua. Akakiangalia kidole chake. Akakinusa. Kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka bandarini.

Siku saba za fungate sikula wala sikulala vizuri. Kila aliyetoka Wambaa nilimtazama mdomo kabla hajasema. Habari zikawa hizo hizo: bi harusi mzuri, kidani kinawaka, mawifi wamekoma. Siku ya nane asubuhi Sabra akaniita mwenyewe niende Wambaa. Nikamkuta amekaa, kidani kiko mapajani. Kilikuwa cheusi chote, kuanzia kifungo mpaka vijiwe, cheusi kama masizi ya chungu. Shingo yake ilikuwa safi, haina hata doa.

"Nimekivua tu baada ya alfajiri," akasema. "Kilikuwa kizima, dada. Nimekiweka hapa, nimegeuka kuchukua mtandio."

Nikamweleza yote kuhusu kidani cha mama. Ya Bi Riziki sikumweleza. Alilia kwa ajili ya mama, kisha akanifuta machozi mimi. "Mbona hukunambia?" akauliza. "Ningemwambia mume wangu tu. Mwenyewe hajui hata tofauti ya dhahabu na kifuniko cha soda." Neno lile linanichoma mpaka leo. Nilimsumbua mtu mwenye vidonda shingoni kwa jambo ambalo lingekwisha kwa maneno mawili ndani ya chumba.

Kile kidani cheusi Mzee Nassor alikichukua mkononi mwangu, na sikumuuliza alikokipeleka. Yungi yenyewe iliendelea miaka kadhaa. Tulipata wavaaji wengine, kwa zamu, mtu mmoja wiki moja kisha anapumzika mwezi, na hiyo ndiyo sheria pekee niliyoiongeza mimi. Baadaye yakaja mapambo ya vipakiti vya plastiki kutoka nje, yanashuka bandarini kwa maboksi, mepesi kama makapi, rangi inakwisha kabla ya harusi. Watu wakayanunua. Mzee Nassor akafariki, wanawe wakauza nyumba, na muhuri wakanipa mimi kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Lakini sijamaliza ya kwangu na Bi Riziki.

Niliporudi kutoka Wambaa siku ile ya nane, nilikwenda moja kwa moja kwa Mwanaidi. Alikuwa anafua uani. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza vidonda nilivyoviona nikanyamaza, na maneno niliyomsimanga nayo mama yake, na nilivyokigeuza kidani kabla ya kumtazama uso. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imo kwenye povu.

"Nlikuona," akasema. "Nkakuchukia, Mize. Nkasema huyu hana moyo, ana koleo."

Akasuuza mikono, akaikausha kwenye kanga.

"Lakini mama aliniambia siku ile anakuna nazi, akanambia kile cha bi harusi, kisikose siku. Jumatatu ya maziko sikuihesabu. Basi Jumanne ulipotoka kukoroga maji yako nkaingia nkakivaa, kifungo nshakuona unavyokizungusha. Nkakitundika wa tano. Jumatano nkakivaa tena, nkakitundika wa sita, maana nilikuta umekirudisha, nkaona huyu hajui hata kuhesabu. Kwa ajili ya mama, si kwa ajili yako."

Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Panya wa Mzee Nassor alikuwa na jina. Nikataka kucheka, nikataka kumkumbatia.

"Alhamisi sikuweza kutoka," akaendelea. "Mwenyewe uliona nyumba ilivyojaa. Nkalia jikoni kwa sababu siku moja itapungua. Usiku nkaja na taa kwenye mwanya wa dirisha lenu, nkachungulia, nkakuta kipo wa saba." Akanishika mkono. "Hapo ndo moyo wangu ulipolainika. Nkasema kumbe Mize kakivaa mwenyewe, kakificha chini ya mtandio. Kakiweka shingoni pale palipokuwa pa mama. Kwa siku hiyo moja, nimekusamehe, na kwa niaba yake nimekusamehe."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye nguo alizozianika. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Ahsante, Mwanaidi."

Basi. Hilo ndilo nililosema, na nimeishi nalo tangu wakati huo. Yeye yu hai, yuko nyumba ile ile, tunasalimiana kila siku, akipika chochote kizuri ananiletea bakuli, na hajui kwamba mlango ulikuwa na nta.

Mimi sijui Bi Riziki alikuja kwa sababu gani siku ile. Mzee Nassor aliniambia mtu mwaminifu humaliza kazi yake, basi. Huenda ni hivyo, na huenda ni kunisuta. Nyinyi chupa yenu ya dawa itawaambia kama rangi imeshika. Haitawaambia shingo ya mtu ina nini. Mkitaka Yungi, tafuteni wavaaji, muwape zamu na mapumziko, na mtu akiwaambia shingo yake yawasha, mvueni saa ile ile, hata kama bi harusi ni ndugu yenu.

Muhuri nitawapa. Njooni Jumamosi, na mje mchana. Msije mapema zaidi, kwa sababu asubuhi nitakuwa uani kwa Mwanaidi, nimwambie kwamba siku ya saba sikukivaa mimi. Radhi aliyonipa akitaka kuichukua, ataichukua, ni yake.